Upande Ambao Kamati Haikuusikia

Kila Jumapili mchana, barazani kwa kaka yangu pale Maili Moja, Kibaha, wanaume watatu wazima walijigeuza mahakama ya muziki. Hakuna aliyewateua. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kupiga gitaa, na walipoimba wenyewe mimi niliona heri niingie ndani nikaoshe vyombo. Lakini walikuwa na mwenyekiti, katibu na mjumbe, kwa sababu miaka ile ya themanini hata watu wakikutana kuchimba choo ilikuwa lazima mmoja wao awe mwenyekiti. Walijiita Kamati. Kazi ya Kamati ilikuwa kusikiliza santuri na kuzipa alama juu ya kumi, kisha kuziandika kwa chaki kwenye mlango wa duka la kaka, ili wapita njia nao waelimike.

Kaka alikuwa fundi redio, na ndiye katibu. Gramafoni ilikuwa kwake. Aliletewa aitengeneze, na mwenyewe hakurudi kuichukua, basi ikawa mali ya Kamati. Mjumbe alikuwa dereva wa lori lililobeba mabomba ya maji kule Ruvu. Huyu aliingia kwenye Kamati kwa sababu moja tu, betri ya lori lake. Betri ndogo za dukani zilikuwa zimeadimika kuliko nyama, na bila ile betri yake Kamati nzima ilikuwa bubu. Alikuwa mtu mpole, aliyekubaliana na yeyote aliyesema mwisho.

Na Mwenyekiti. Mwenyekiti aliuza katika duka la ushirika. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wenye akili zao walikubali masikio yake yawe masikio ya mji mzima, kumbuka tu kwamba yeye ndiye aliyejua sukari itafika lini. Sabuni ilipita mikononi mwake. Mafuta ya kupikia yalipita mikononi mwake. Mtu wa namna hiyo akisema gitaa la besi limezidi, nani atambishia? Alivaa suruali ya bugaluu wakati wenzake wote walikwisha zipeleka kwa fundi zikapunguzwe miguu, na viatu vyake vya laizoni, vya soli nene, vilimfanya atembee kama mtu anayevuka matope. Alipokuwa anasikiliza muziki alifumba macho na kuinua kidole kimoja. Wimbo ukiisha, kidole kilishuka. Basi tukajua hukumu imefika.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mbwawa, nimepanga kwa kaka kwa maana ya kwamba nililala chumba kimoja na watoto wake na kupika zamu kwa zamu na wifi yangu. Jumapili kazi yangu ilikuwa kuwachemshia majaji chai. Sikuhesabiwa. Nilikaa kizingitini na birika langu, nikasikia kila kitu.

Sasa, ilikuwepo bendi moja ya Dar es Salaam ambayo Kamati iliiheshimu kuliko zote. Nami niliipenda tangu mtoto. Nilizaliwa Kisarawe, na miaka ile ya mwanzo ya Uhuru baba alikuwa na redio kwenye kibanda chake cha kuuza korosho na chumvi. Wale jamaa wakianza kupiga, wateja walikuwa wanasahau walichofuata. Walikuwa vijana wenyewe, mashati meupe, sauti laini. Hakuna harusi ya shangazi wala ya dada wa mtu iliyofanyika Kisarawe bila mtu kuimba wimbo wao wa yule bibi harusi aliyekataa kushuka kwenye gari. Lakini tulipofika miaka ya themanini walikwisha kuwa wazee. Bendi nyingine zilikuwa na mitindo, kila moja na jina la mtindo wake na namna yake ya kutikisa kiuno. Wao hawakuwa na mtindo wowote. Walikuwa wanapiga muziki tu. Mlangoni kwa kaka nyimbo zao za zamani zilikuwa na alama tisa na kumi, na kila mvua ilipozifuta, Mwenyekiti alizirudia kwa chaki mpya.

Ndipo santuri yao mpya ikaja. Dereva aliipata mjini, akaileta imefungwa katika gazeti kama samaki. Ilikuwa ile santuri kubwa, ya nyimbo nyingi, wala sijui kama waliwahi kutoa nyingine kubwa kama hiyo baadaye. Kwenye jalada wamesimama sita katika safari suti mbele ya trekta ambalo ukilitazama tu unajua si lao na hakuna anayejua kuliwasha. Jina la wimbo mmoja lilikuwa limekosewa kupigwa chapa, wimbo uitwao "Nyumba ya Zamani" ukawa "Nyuma ya Zamani".

Mwenyekiti alicheka kabla sindano haijagusa santuri. "Hata majina yao hawayajui tena," alisema.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kusifu pamba. Nisiseme uongo, ulikuwa mbaya. Mtu anaimba "pamba nyeupe, pamba yetu" kama anayesoma bango, na tarumbeta inamfuata kwa mbali, haina haraka wala haina uhakika. Wimbo wa pili ulikuwa wa mapenzi, wa kawaida. Wa tatu ulianza polepole, gitaa la solo likicheza peke yake, na Kamati ikangoja chemko, yaani pale ambapo magitaa huongeza kasi na wachezaji huanza kutoka jasho. Chemko haikuja. Wimbo uliisha ulivyoanza.

Wa nne ulipofika katikati, Mwenyekiti alinyoosha mkono, akainua sindano.

"Wamechoka," alisema. "Ndugu zangu, tuwe wakweli. Hawa wazee wamechoka. Hakuna chemko. Hakuna mtindo. Utachezaje hapa? Utasimama kama mnazi?"

"Kweli," alisema dereva.

"Solo linasinzia," alisema kaka yangu, ambaye hajawahi kupingana na sukari.

"Napendekeza tatu. Tatu juu ya kumi, na moja kati ya hizo ni ya heshima ya zamani," alisema Mwenyekiti.

Wakanyoosha mikono, wote watatu. Kaka akachukua chaki.

Nikauliza kutoka kizingitini, "Mbona hamjageuza upande wa pili?"

Mwenyekiti hakugeuka. "Mwalimu, ukionja ugali ukakuta mbichi, unamaliza sufuria?"

Walicheka sana. Walicheka mpaka dereva akakohoa chai. Niliwatazama, watu watatu walioamua juu ya kazi ya mwaka mzima ya watu wengine kabla chai haijapoa, na ndio hao hao waliokaa saa nzima Jumapili iliyotangulia wakibishana kama kofia ya mpiga tumba wa bendi nyingine ilikuwa ya manyoya au ya sufu.

Siku za kazi betri ilikuwa inarudi Ruvu na lori. Lakini wiki ile lori liliharibika, dereva akaiacha betri kwetu. Jioni, watoto wakiwa wanacheza uani, wifi yangu na mimi tukaiweka ile santuri upande wa pili. Wifi alikuwa anachambua mchicha. Hakuwa mtu wa muziki, alisema yeye kelele za Jumapili zinamtosha mpaka Jumapili nyingine.

Upande wa pili ulikuwa kitu kingine kabisa. Sijui walirekodi siku tofauti, au aliyewaamuru waimbe pamba alikuwa amekwisha kwenda nyumbani. Tarumbeta ilikuwa imeamka. Ulikuwepo wimbo wa mtu aliyepanga foleni ya unga akakutana na mke aliyemwacha, wakazungumza mpaka unga ukaisha, na ulichekesha bila kujichekesha. Na mwisho kabisa ulikuwepo ule "Nyumba ya Zamani", uliokosewa jina. Mwimbaji anaeleza tu. Walihamishwa wote kwenda kijijini, huko barabarani, na anasema vizuri, shule ipo, zahanati ipo, hana ugomvi. Ila siku moja, akitafuta kuni, amepita kule walikotoka. Paa limeingia ndani. Mbuzi wa mtu wamelala chumbani alimozaliwa mwanawe. Na mfenesi nyuma ya jiko umezaa, mafenesi yanaanguka, yanaoza, hakuna wa kuyala. Anaimba hayo bila kupandisha sauti. Magitaa mawili yanazungumza kwa chini kama watu walio msibani. Basi.

Wifi aliacha mchicha. "Rudisha," alisema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Betri iliisha nguvu usiku haujaingia, na sauti ya mwimbaji ikazidi kuzama mpaka ikawa kama ya mtu aliyeanguka kisimani. Dereva alipokuja kuichukua alilalamika. Wifi akamwambia betri mbovu zinaendana na masikio mabovu.

Jumapili iliyofuata nilisema. Niliweka birika chini, nikasema kwamba kwa maoni yangu santuri ile inastahili saba, kwamba upande wa kwanza hauna maana ila wimbo wa tatu, lakini upande wa pili hakuna bendi Tanzania nzima inayoweza kuupiga leo. Nilisema wimbo wa pamba ni takataka na ningefurahi kama ungeondolewa. Nilikuwa nimejiandaa kama ninavyojiandaa kumpokea mkaguzi.

Mwenyekiti alinisikiliza kichwa kikiwa kimeinamia upande mmoja. "Mwalimu," alisema, "muziki wa dansi ni wa kuchezwa. Huo unaousema wewe ni wa kuliwaza wajane."

"Umeusikia?"

"Nimeusikia unavyousimulia. Inatosha."

"Kaka?" nilimgeukia ndugu yangu. Alikuwa ghafla anatafuta bisibisi.

"Ndugu Katibu," Mwenyekiti alisema, "mwambie dada yako chai imekuwa nyepesi leo."

Chai ilikuwa nyepesi kwa sababu sukari haikuwepo, na sukari haikuwepo kwa sababu ilikuwa imelala nyumbani kwake. Hilo nilijua, kaka alijua, barabara nzima ilijua. Nilibeba birika nikaingia ndani. Wifi alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Alitaka kutoka. Nilimzuia, kwa sababu watoto walikuwa wanahitaji sabuni mwezi ule.

Baada ya muda tukasikia ile bendi itakwenda Kisarawe kupiga bugi, dansi ya alasiri ya Jumapili, katika ukumbi wa pale mjini. Kamati ikakutana kwa dharura. Mwenyekiti akasema ni wajibu wao kwenda. Si kucheza tu, alisema, bali kufikisha maoni ya wapenzi wa muziki wa Mkoa wa Pwani. Alisema bendi ikikosa wakosoaji inapotea, kama shamba lisilo na bwana shamba. Aliandaa hotuba. Nilimsikia akiifanyia mazoezi, ameiandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

Mimi nilikwenda kwa sababu nyumba ya shangazi yangu ilikuwa jirani na ukumbi ule, na nilikuwa na haki ya kumtembelea. Tulipita njia ya mjini kwa lori la mabomba, nimekaa nyuma juu ya gunia, mbele wamekaa wao watatu na hotuba yao. Tulipopanda vilima vya Pugu vumbi jekundu lilinifanya nifanane na tofali. Bugaluu ya Mwenyekiti ilishuka pale safi kabisa.

Shangazi alikuwa mjane, dada mkubwa wa baba. Maisha yake yote alikuwa ameishi upande wa Maneromango, ndani ndani, mpaka wakati wa kuhamia vijijini. Alihamishiwa kijiji kimoja, kikamshinda, mwishowe mwanawe akamleta mjini Kisarawe. Hakuwa na subira na mtu. Nilipompa shikamoo aliitikia, "Marahaba, mbona umechafuka hivyo?" akanipa ndoo ya maji kabla hata ya kuniuliza habari za kaka yangu.

Wanabendi walikuwa wamefika na kigari chao, wamekaa kwenye kivuli cha nyumba ya shangazi wakisubiri ukumbi ufunguliwe. Aliyekuwa na ufunguo hakuonekana. Shangazi alikuwa amewapa maji na mihogo ya kuchemsha, huku akiwagombeza kwamba spika zao zitamharibia usingizi wa mchana. Mwimbaji nilimtambua kwa trekta la jaladani. Alikuwa mzee kuliko kwenye picha, amejifunga taulo shingoni, na meno ya mbele mawili hayakuwepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

Nikamwambia ninayo santuri yao mpya. Nilimwambia kuhusu wimbo wa foleni ya unga, na kuhusu ule wa nyumba. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mizigo yake iliyopotea imeonekana.

"Uligeuza upande wa pili?" aliuliza.

"Ndiyo."

Aliwaita wenzake. "Njooni mumwone. Huyu aligeuza." Mpiga besi akaja kunipa mkono, mdomo umejaa mhogo. Mwimbaji akaniambia kwamba tangu santuri itoke watu wanawaambia ama haina chemko, ama wimbo wa pamba ni mbovu. "Wa pamba usiniulize," alisema. "Huo tuliambiwa." Tukacheka. Nikamuuliza kama watapiga "Nyumba ya Zamani" leo. Alisema wakipata nafasi watapiga, kwa nini wasipige, hapa si ndipo wenye nyumba hizo walipo?

Ukumbi ulipofunguliwa haukujaa. Wanawake na watoto walisimama madirishani, vijana wa mjini wakaingia, na mimi nikasimama karibu na mlango. Bendi ilianza na wimbo mmoja wa kale, kisha mwimbaji akakohoa, akasema sasa wangependa kupiga kitu kipya.

Hapo ndipo Mwenyekiti aliponyoosha mkono. Alikwenda mbele na viatu vyake vile, akapanda jukwaani, akachukua maikrofoni kwa mikono miwili.

"Ndugu zetu wanamuziki," alisema, "kwa niaba ya wapenzi wa muziki wa Mkoa wa Pwani." Alieleza jinsi Kamati ilivyosikiliza santuri mpya kwa makini makubwa. Alisema makini makubwa, nilisikia kwa masikio yangu. Alisema Kamati, baada ya majadiliano marefu, imeipa tatu juu ya kumi. Vijana walipiga miluzi. Alisema hawasemi kwa ubaya, ni kwa kujenga, na wanaiomba bendi irudi kwenye nyimbo za zamani zilizowapa jina, na iachane na majaribio. "Tunawataka mlivyokuwa!" alimalizia, na vijana, ambao walikuwa hata hawajazaliwa wakati huo anaousema, wakashangilia kama waliofunga goli.

Nilimtazama mwimbaji. Nilikuwa na hakika atasema kitu. Mtu aliyeimba miaka yote hiyo, aliyesimama mbele ya watu wa kila aina, hawezi kushindwa kumjibu muuza sukari. Alifuta uso kwa taulo. Akainamia maikrofoni.

"Tumesikia, Ndugu Mwenyekiti," alisema. "Ahsante."

Akageuka, akawanong'oneza wenzake. Wakapiga ule wa bibi harusi na gari. Kisha mwingine wa zamani, na mwingine, alasiri nzima. Hawakugusa hata wimbo mmoja mpya. Aliimba vizuri, sauti ilikuwepo, lakini aliimba akitazama saa ya ukutani, kama mhudumu wa ofisi anayengoja saa ya kutoka. Watu walicheza. Mwenyekiti alicheza katikati kabisa, macho amefumba, kidole juu. Nilimdharau yeye, lakini yeye nilikuwa nimekwisha kumzoea. Dharau mpya niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa ya yule mzee wa taulo.

Bugi ilipokwisha, jua bado lipo, kigari chao kilikataa kuwaka. Wakarudi kukaa pale pale kwa shangazi, huku dereva wetu na kaka yangu wameingia chini ya kigari kukitazama. Mwenyekiti alikuwa ukumbini bado, anapeana mikono na vijana. Nikamfuata mwimbaji.

"Mbona hukupiga?"

"Binti, umeona watu."

"Nimeona mtu mmoja. Tena hata huo wimbo hajausikia. Hawakugeuza santuri. Mngemuuliza unahusu nini angebaki anatoa macho."

Alicheka kidogo, pengo likaonekana. "Unadhani sikujua? Anayesikiliza nyimbo hasemi 'baada ya majadiliano marefu'. Lakini leo mlangoni tumepata hawa, na Jumapili ijayo tunataka waje tena. Mimi nina wajukuu."

"Basi msirekodi nyimbo kama zile," nilisema. "Mnatusumbua."

Nilikuwa mkali, na yeye alikuwa mtu mzima. Shangazi aliyekuwa anaosha sufuria aliinua kichwa. Nilidhani atanigombeza mimi. Badala yake alimwambia mwimbaji, "Ni wimbo gani huo mnaougombania? Uimbe. Mmekula mihogo yangu, mmenipigia kelele tangu adhuhuri, angalau niimbie mmoja."

Mpiga solo alikuwa na gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme. Mwimbaji akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaimba "Nyumba ya Zamani" uani, kuku wakipita miguuni mwake. Bila tarumbeta wimbo ulikuwa mwepesi zaidi, na kwa sababu ya lile pengo maneno mengine yalitoka na upepo. Wanawake wa nyumba ya pili walisogea kwenye uzio. Shangazi hakuacha kuosha sufuria, ila mikono ilizidi kwenda polepole.

Ulipoisha, aliweka sufuria chini.

"Kisima kiko wapi?" shangazi aliuliza.

"Kisima?"

"Umetaja paa, umetaja mbuzi, umetaja mfenesi. Kisima hukukitaja. Mimi marehemu mume wangu alichimba kisima kwa mikono yake, maji matamu. Mafenesi hata hapa yapo. Kisima kile ndicho kinachoniuma."

"Kisima hakikuingia, mama," mwimbaji alisema. "Kilikuwemo mwanzoni. Wimbo ulikuwa mrefu, nikakitoa."

"Ungewatoa mbuzi," shangazi alisema. "Mbuzi wanalala popote. Kisima hukitoi."

Kwa muda mrefu wakakaa wakibishana juu ya wimbo ule, mwanamke aliyekuwa hajui hata jina la bendi, na mwimbaji aliyeitungia nyimbo miaka ishirini. Shangazi alimuuliza kwa nini mtu wa wimbo hakurudi na mkewe. Alimuuliza kama mtu huyo alikuwa Mzaramo, maana Mzaramo asingeondoka pale bila kutembelea makaburi. Mzee alijibu kila swali. Alikuwa ameinama mbele, ametoa taulo shingoni, na uso ule niliouona ukumbini haukuwepo. Kigari kilipowaka waliitwa, yeye akawa wa mwisho kuondoka, akapiga magoti nusu kumuaga shangazi.

"Unajua kuimba," shangazi alimwambia, "lakini una haraka."

Njiani kurudi Kibaha nilisikia, kupitia dirisha la nyuma la lori, Mwenyekiti akisema hotuba yake imeigeuza bendi ile na kwamba kuanzia leo tutaona mabadiliko. "Kweli," alisema dereva.

Mabadiliko tuliyaona. Hazikupita mvua nyingi bendi ikavunjika. Wengine walikwenda bendi nyingine, mpiga besi nilisikia ameanza kilimo cha nyanya. Mwimbaji aliugua, akafariki. Siku ile redio, sijui nani huko studio alikuwa na akili, ilipiga "Nyumba ya Zamani", ikapiga tena kesho yake, na wiki nzima watu mitaani wakawa wanauliza ule wimbo wa mfenesi ni wa santuri gani. Akina mama sokoni Mlandizi waliuimba wakipanga mihogo. Bwana mmoja alikuja kwa kaka akitaka kuinunua santuri yetu kwa bei ya mbuzi. Wifi alimfukuza.

Halafu wakawa wanahoji watu kwenye redio, wapenzi wa bendi ile wa siku nyingi. Nilikuwa nimekaa na wifi tunachagua mawe kwenye mchele. Sauti ikatoka, nzito, ya kujitazama kwenye kioo. Mwenyekiti. Alisema yeye alikuwa miongoni mwa watu wachache sana walioitambua santuri ile tangu mwanzo. Alisema wengine waliikataa kwa kukosa chemko, lakini yeye aliwaambia wenzake, ndugu zangu, geuzeni upande wa pili. Alisema siku moja alisafiri mpaka Kisarawe kumtia moyo marehemu mbele ya umati.

Wifi aliweka ungo chini taratibu. Tulitazamana. Kisha tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti. Wakati ule alikwisha acha duka la ushirika, au liliachana naye, na mkewe alinikaribisha sebuleni. Nikamwambia yote, kuanzia sindano aliyoiinua hadi tatu juu ya kumi, mbele ya mkewe. Nilitegemea aone haya. Alinisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja vile vile.

"Mwalimu," alisema, "mimi ninavyokumbuka ni kama nilivyosema redioni." Wala hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonichosha. Nilimwangalia machoni nikaona kabisa kwamba anaamini, kwamba kichwani mwake yupo pale barazani akiigeuza santuri kwa mkono wake mwenyewe, na sisi wengine tumekaa tunashangaa.

Akamwambia mkewe aniletee soda. Ilikuwa ya moto. Nilikunywa yote, kwa sababu soda zilikuwa za nadra, nikaaga nikaenda zangu shuleni.